USIONE VYAELEA: LIKIZO YA UZAZI KWA MCHUNAJI CHAI
Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Leo nataka kuwaeleza habari za likizo ya uzazi, kwa maana wengi wetu hapa Kericho na Bomet ni watoto wa wachunaji chai.

Kaka yangu alizaliwa 2005, mimi 2009. Mama ni yuleyule na kazi ni ileile, majani mawili na chipukizi. Lakini kaka aliachiwa nyanya baada ya miezi miwili, mimi baada ya mitatu. Kwa nini? Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa mama miezi miwili yenye mshahara kamili, kisha ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka huo. Ile ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, ikampa miezi mitatu, likizo ya mwaka isiguswe. Akina baba nao wakapata majuma mawili.

Je, hayo yalijileta? Hata! Vimeundwa. Bungeni, Njoki Ndung'u, mbunge mteule ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Upeo, ndiye aliyepigania nyongeza hiyo.

Marekani pia ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1911 kiwanda cha nguo kiliungua New York, wakafa watu 146, wengi wao wasichana. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Frances Perkins aliuona moto ule kwa macho yake. Mwaka 1933 akawa Waziri wa Kazi, na 1938 ikapitishwa sheria ya mshahara na saa za kazi. Lakini sheria ile iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani! Ingekuwa hapa kwetu, mtu wa kiwandani angefaidika, mchunaji abaki na kikapu chake.

Yetu haikumwacha mchunaji. Shida ni kutoijua. Mama yangu mdogo alikuwa kibarua mahali fulani kwa miezi mitano. Mimba ilipoonekana, akaambiwa kesho asije. Akanyamaza, akidhani kibarua hana haki. Kumbe kifungu cha 37 chasema kibarua akifanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi, apewe haki kama wenzake. Na cha 46 chakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba.

Basi wenzangu, mkifunga shule, msomeeni mama vifungu hivyo jioni akitua kikapu. Mwambieni pia aandike barua ya likizo siku saba kabla, na nakala abaki nayo.