Asiyetenda Naye Ameamua: Wajibu wa Kiroho wa Kumsaidia Anayedhulumiwa

Katika mazungumzo ya kila siku ya Waswahili, mtu anayetaka kuingilia jambo la mwenzake huambiwa upesi kwamba ya Ngoswe amwachie Ngoswe, na anayetaka kulisema hadharani hushauriwa afunike kombe mwanaharamu apite. Misemo hiyo ina busara yake inapohusu ugomvi mdogo wa ndani ya nyumba au siri isiyomdhuru mtu, lakini inapohamishiwa kwenye dhuluma, yaani hali ambapo mwenye nguvu anamnyang'anya mnyonge haki yake, mali yake au uhai wake, hugeuka kuwa ruhusa ya dhuluma yenyewe. Dini mbili zenye wafuasi wengi zaidi miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, Uislamu na Ukristo, zinakutana katika hukumu moja juu ya jambo hili: mtu anayeweza kumsaidia anayeonewa, naye akaamua kukaa kando, amekwisha kuchagua upande, na ataulizwa juu ya uchaguzi huo. Katika eneo la Maziwa Makuu hukumu hiyo ilipimwa kwa damu nchini Rwanda mwaka 1994, na yaliyotokea huko yanaonyesha waziwazi gharama ya kukaa kando na thamani ya kusimama.

Kosa la kutotenda

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Yesu anaulizwa jirani ni nani, naye anajibu kwa mfano wa mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi katika njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Kuhani na Mlawi waliompita hawakumpiga wala hawakumwibia. Kosa lao lote ni kwamba walimwona wakaendelea na safari yao, na aliyemfunga majeraha akawa Msamaria, mtu wa jamii ambayo wasikilizaji wa mfano huo waliidharau. Hukumu ya mwisho inayoelezwa katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, inafuata mkondo huohuo, kwa kuwa wanaohukumiwa wanashtakiwa kwa chakula ambacho hawakukitoa, mgonjwa ambaye hawakumtazama na mgeni ambaye hawakumkaribisha. Nabii Obadia, ambaye kitabu chake ndicho kifupi kuliko vyote katika Agano la Kale, anakwenda mbali zaidi, maana anawalaumu Waedomu kwa kusimama kando siku Yerusalemu ilipotekwa na wageni, na anawahesabu kuwa miongoni mwa watekaji. Ndiyo sababu waamini Wakatoliki, katika sala ya kuungama inayosaliwa mwanzoni mwa Misa, hukiri kosa la kutotimiza wajibu sambamba na makosa ya mawazo, maneno na vitendo.

Katika Uislamu wajibu huu umesimama juu ya msingi wa kuamrisha mema na kukataza mabaya, ambao Kurani inautaja kuwa sifa ya umma wa waumini. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Imamu Muslim inaupanga katika ngazi tatu: anayeona uovu auondoe kwa mkono wake, asipoweza aukemee kwa ulimi wake, na asipoweza hata hilo auchukie moyoni mwake, na ngazi hiyo ya tatu ndiyo inayotajwa kuwa imani iliyo dhaifu kabisa. Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria za dini, wameuweka wajibu huo, kwa jumla, katika kundi la fardhi kifaya, ambayo ni faradhi inayoikabili jamii nzima: wakijitokeza watu wa kutosha kuitekeleza, wengine huondokewa na dhima, lakini ikikosa mtu wa kuitekeleza, wote walioweza hubeba dhambi. Imamu Bukhari naye amepokea mfano ambao watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa, wa abiria wa tabaka la chini la chombo waliotaka kutoboa sehemu yao ili wachote maji bila kuwasumbua walio juu. Wakiachwa kwa hoja kwamba sehemu hiyo ni yao, wote huzama, na wakizuiwa, wote huokoka.

Mafundisho hayo yote yanakubaliana katika jambo moja ambalo waumini wengi hulisahau, nalo ni kwamba kutotenda ni tendo. Mtu anayefunga dirisha asisikie kilio amefanya uamuzi, na mara nyingi uamuzi wake humfaa mpigaji kuliko mpigwaji, kwa sababu mwenye nguvu hahitaji msaada wa watazamaji. Anachohitaji ni wasimwingilie.

Mauaji yaliyowahitaji majirani

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakirejea kutoka mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Ndani ya saa chache vizuizi viliwekwa barabarani, na katika siku takriban 100 zilizofuata Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji hayo, waliuawa kwa idadi inayokadiriwa kuwa kati ya watu 800,000 na zaidi ya 1,000,000. Mauaji hayo huitwa ya kimbari, maana yake ni mauaji yanayokusudia kuangamiza jamii nzima ya watu kwa sababu tu ya asili yao.

Wauaji wa Rwanda walikuwa na jeshi, wanamgambo na redio, lakini hivyo peke yake visingeweza kufika katika kila kilima. Kitambulisho kilichoonyesha kabila, ambacho utawala wa Ubelgiji ulikianzisha katika miaka ya 1930, kilimfichua mtu kwenye kizuizi. Aliyejificha nyumbani, darini au katikati ya shamba la mtama aliweza kupatikana tu ikiwa jirani anayemjua angemwonyesha. Kwa hiyo kila aliyekataa kuonyesha alikata uzi mmoja wa kazi hiyo, na kila aliyejitia hajui lolote huku akijua aliacha kazi iendelee.

Wakati huo takriban tisa kati ya kila Wanyarwanda kumi walikuwa Wakristo. Katika machafuko ya miaka ya nyuma makanisa yalikuwa yamewanusuru watu, na ndiyo maana mwaka 1994 maelfu ya Watutsi walikimbilia huko. Safari hiyo makanisa ya Nyamata, Ntarama, Nyarubuye na Nyange yaligeuka kuwa mahali pa mauaji. Huko Nyange, tarehe 16 Aprili 1994, kanisa la parokia liliangushwa kwa tingatinga juu ya takriban watu 1,500 waliokuwa ndani, na padri Athanase Seromba aliyekuwa akiiongoza parokia hiyo alihukumiwa kifungo cha maisha mwezi Machi 2008 na mahakama ya kimataifa iliyokuwa na makao yake Arusha. Tendo la padri huyo lilikuwa ushiriki, nalo halilingani na ukimya, lakini liliwezekana kwa urahisi zaidi katika Kanisa ambalo sauti yake ilikuwa imezoea kutomkera mtawala: kwa miaka mingi Askofu Mkuu wa Kigali alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala. Wapo mapadri, watawa na waamini waliouawa kwa kuwatetea watu, na heshima yao haipaswi kupunguzwa. Hata hivyo, tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake katika mauaji hayo.

Walioamua kusimama

Zura Karuhimbi alikuwa mwanamke mkongwe wa eneo la Ruhango ambaye majirani walimwogopa kwa kumdhania kuwa na nguvu za mizimu, kwa kuwa familia yake ilijulikana kwa uganga wa mitishamba. Hakuwa na bunduki wala cheo, lakini aliwaficha zaidi ya watu 100 katika nyumba yake na shambani, na wanamgambo walipofika mlangoni aliipaka mikono yake dawa ya majani yanayowasha ngozi, akawagusa nayo, akatikisa bangili zake na kuwaapiza kwamba wakiingia watashukiwa na ghadhabu ya Mungu na mizimu. Wanamgambo walirudi nyuma, na waliokuwa wamefichwa kwake wakaokoka. Huo ndio mkono unaotajwa katika ngazi ya kwanza ya hadithi ya Imamu Muslim: kila mtu huanza na alichonacho.

Mjini Gisenyi, kwenye mpaka na Zaire ya wakati huo, Felicitas Niyitegeka, Mhutu aliyekuwa ameyaweka maisha yake wakfu kwa utume wa Kanisa Katoliki, aliwapokea Watutsi katika kituo alichokiongoza na kuwasaidia kuvuka kwenda Goma. Kaka yake, ambaye alikuwa kanali wa jeshi, alimsihi aondoke ajiokoe, naye akamwandikia kwamba hawezi kuwaacha watu aliokuwa nao. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja nao, na leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wake wa taifa.

Waislamu, waliokuwa sehemu ndogo ya wananchi na ambao Wanyarwanda wengi waliwaita Waswahili, wanakumbukwa pia kwa namna walivyowaficha watu katika mitaa ya Kigali kama Biryogo. Hawakuwa wote wasafi, maana Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la chuki la Kangura, alikuwa mmoja wao. Lakini jamii iliyokuwa mbali na meza ya watawala ilikuwa na kichache cha kupoteza mbele yao, na udugu wa msikitini ulikuwa umewaunganisha Wahutu na Watutsi kabla ya siku ya mtihani. Funzo lililomo humo ni kubwa, kwamba ujasiri wa siku ya shida hutokana na mazoea ya siku za amani.

Kutopendelea si kutojali

Anayetetea kukaa kando huuliza kama Msalaba Mwekundu nao haujengwi juu ya kanuni ya kutoegemea upande wowote. Jibu liko katika kanuni zenyewe. Kanuni saba za msingi za chama hicho, zilizotangazwa Vienna mwaka 1965, zinaanza na ubinadamu, yaani kuzuia na kupunguza mateso ya watu popote yalipo, kisha kutopendelea, yaani kumhudumia kila mtu kwa kipimo cha shida yake tu, na kutoegemea upande kunafuata katika nafasi ya tatu kama njia ya kuyafikia hayo mawili. Mwaka 1994 wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walibaki Kigali wakiendesha hospitali katikati ya mauaji, na hapo kutoegemea upande kulitumika kumfikia majeruhi. Kamati hiyohiyo, tarehe 14 Oktoba 1942, ilikuwa imeamua kutotoa tamko la hadharani wakati Wayahudi wa Ulaya wakipelekwa kuuawa, na baadaye yenyewe ilikiri kwamba ilishindwa.

Umoja wa Mataifa nao ulijifunza kwa gharama ya maisha ya wengine. Tarehe 21 Aprili 1994, siku ileile aliyouawa Felicitas Niyitegeka, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza kikosi cha kulinda amani nchini Rwanda, chenye askari takriban 2,500, hadi watu 270. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi asiye na silaha, hakusubiri amri ibadilishwe. Aliwapakia watu wachache wachache katika gari lake, akavuka vizuizi kwa utani na kwa kuwagawia wanamgambo sigara, akarudi kuchukua wengine, mpaka alipouawa na kombora tarehe 31 Mei. Mwaka 2000 ripoti ya jopo lililoongozwa na Lakhdar Brahimi ilikiri kwamba upande mmoja unapovunja wazi misingi ya haki, kuendelea kuwatendea wote sawasawa kunaweza kufikia kushirikiana na uovu.

Kutopendelea, kwa maana sahihi, kunamlazimisha mtu amsaidie anayeumia hata akiwa wa upande asioupenda. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu 250,000, wengi wao Wahutu, walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya saa 24 hivi. Walihitaji maji, chakula na dawa, na uwezekano kwamba baadhi yao walikuwa na damu mikononi haukumwondolea mtoto mwenye kiu haki ya kunyweshwa. Kumhoji mshukiwa ni kazi ya mahakama, na kumpa maji mwenye kiu ni kazi ya kila mtu.

Wajibu wa kila siku

Dini hazimdai mtu zaidi ya uwezo wake, na hazimtaki mzazi awatie watoto wake hatarini bila kufikiri. Ngazi ya mkono, ulimi na moyo ipo ili kila mtu apate mahali pa kuanzia, lakini si halali kwa mwenye mkono kujificha nyuma ya moyo. Mke anayepigwa nyumba ya pili, mtuhumiwa wa wizi anayezungukwa na watu wenye mawe na mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake ni mitihani inayomfikia msomaji wa kawaida, na kwa kila mmoja lipo la kufanya: kubisha hodi, kupiga simu polisi, kuita wazee au mjumbe wa mtaa, kukubali kutoa ushahidi, kumpokea aliyekimbia hata kwa usiku mmoja.

Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, katika shule ya sekondari ya Nyange, mahali palepale ambapo kanisa lilikuwa limeangushwa miaka mitatu kabla, waasi waliingia madarasani wakati wa masomo ya jioni, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wanafunzi walikataa, wakisema wote ni Wanyarwanda, na sita kati yao wakauawa. Wahutu waliokuwamo wangeweza kuokoa maisha yao kwa kupiga hatua chache tu kuelekea upande mwingine wa darasa, na hakuna ambaye angewaita wauaji. Vijana hao walielewa kile ambacho watu wazima wengi hawakukielewa mwaka 1994, kwamba kujitenga na anayetaka kuuawa ni kumkabidhi kwa muuaji.

Mashekhe, mapadri, wachungaji, walimu na wazazi wanawiwa na kizazi kijacho mafundisho haya kabla ya siku ya shida kufika, kwa sababu siku hiyo ikifika hakuna muda wa kufundishwa. Nyumba ya ibada inayowafundisha watu kusali bila kuwafundisha kumtetea jirani haijakamilisha kazi yake, na muumini anayeliona jambo hili kuwa la wengine na aanze leo na jirani yake wa karibu.