Samaki wa dhahabu akishakua, mtafutie maji kabla ya mteja

Samaki wa dhahabu akishafika urefu wa shubiri, soko lake ni gumu. Wateja wengi wa samaki wa mapambo, Arusha kama ilivyo Dar es Salaam na Nairobi, wanataka wadogo wenye urefu wa kidole, wale ambao mtoto anawabeba mwenyewe kwenye mfuko wenye maji. Mkubwa wanamtazama, wanamsifu rangi, wanaondoka. Tangazo lake hukaa wiki nyingi kwenye kundi la WhatsApp, bei ikishuka kidogo kidogo mpaka inakuwa “njoo umchukue bure”. Hatari inaanzia hapo. Mwenye nyumba akichoka kungoja, humkabidhi yeyote anayebisha hodi, au hubeba ndoo mpaka mtoni.

Shida hii huwa imepandwa siku ile ile ya kununua, kwa maneno yanayosemwa dukani: “Usijali, atakua kulingana na tangi lake.” Si kweli, na yamewaumiza samaki wengi. Samaki wa dhahabu anatoka kwenye ukoo wa kapi wa China. Wale wa umbo la kawaida, wenye mwili mrefu na mkia mmoja, hufika sentimita 30 wakipata nafasi. Wale wanene wenye mikia maradufu hubaki wafupi zaidi, lakini nao tangi la lita 30 haliwatoshi. Na wanaishi miaka mingi. Tish, samaki wa Uingereza aliyepatikana kama zawadi kwenye maonyesho mwaka 1956, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Anayemnunulia mtoto wa darasa la kwanza samaki huyu anapaswa kufikiria kwamba anaweza kuwa bado yupo mtoto akimaliza chuo.

Kinachomdumaza kwenye tangi dogo ni uchafu wake mwenyewe. Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua, na amonia ni sumu. Kwenye maji mengi yenye filta nzuri, bakteria wanaoishi ndani ya sponji huigeuza kuwa naitriti, kisha naitreti ambayo madhara yake ni madogo. Kwenye maji machache bakteria hao wanazidiwa. Sogea karibu na kioo alfajiri, kabla taa haijawashwa, utaona hali yenyewe: samaki amepanda juu, mdomo unafunguka na kufumba kwenye ngozi ya maji, mapezi yamekunjwa, na kwenye mkia kuna mistari myembamba ya damu. Akigeuka, pua inagusa kioo cha mbele na mkia unasugua cha nyuma. Huyo amekosa mahali pa kuishi, na dawa ya chupa haiwezi kumpa. Jiji la Roma lilipiga marufuku mabakuli ya duara ya samaki mwaka 2005, na mimi naona lilifanya jambo la haki.

Sasa mto. Watu wanaomwachia samaki mtoni wengi wao wana huruma. Wanaamini wamempa uhuru. Mwezi Julai 2021, mji wa Burnsville, jimbo la Minnesota nchini Marekani, uliwaomba wakazi wake hadharani waache kuwatupa samaki wa dhahabu ziwani, baada ya kuwakuta kwenye ziwa Keller wakiwa na urefu unaokaribia sentimita 45. Wilaya ya Carver, isiyo mbali na hapo, ilikuwa imeshaondoa maelfu kwa maelfu. Australia Magharibi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Murdoch waliwafungia vifaa vya kufuatilia samaki wa dhahabu wa mto Vasse, na mmoja wao alisafiri zaidi ya kilomita 230 ndani ya mwaka mmoja. Samaki huyu huchimbua tope akitafuta chakula, maji yakachafuka na mwanga usifike chini, majani yakang’oka. Hula mayai ya wenzake. Hubeba vimelea na magonjwa ambayo samaki wa porini hawajawahi kukutana nayo.

Sisi tunaoishi kwenye nchi zinazozunguka Ziwa Victoria hatuhitaji kwenda Minnesota kujifunza. Sangara alipandikizwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa. Aina nyingi sana za furu zilitoweka au zikabaki chache mno. Sangara ni mla samaki na huyu wa dhahabu siye, kwa hiyo madhara yao hayawezi kuwa sawa. Lakini aliyekwisha kuingia kwenye maji makubwa haondolewi tena. Mto Themi unaokatiza Arusha unapeleka maji yake Kikuletwa, kisha Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani hadi baharini, na bonde hilo lina aina zake za perege zisizopatikana kwingine duniani. Ndoo moja inayomwagwa chini ya daraja inaweza kuwafikia hao.

Kwa hiyo anabaki mnunuzi, na mnunuzi anatafutwa kwa tangazo la kweli. Piga picha samaki akiwa kando ya rula au chupa ya maji ili ukubwa uonekane. Taja umri, chakula alichozoea, ugonjwa aliowahi kuugua, na wenzake anaoishi nao. Usiandike “mzuri sana, wahi” tu. Tangazo la namna hiyo linamvuta mtu wa haraka, na unayemhitaji ni mtu mwenye bwawa: hoteli au nyumba ya wageni yenye bustani, familia iliyochimba kidimbwi uani, mfugaji wa koi. Wapo pia waliokata simtanki la lita 1,000 upande wa juu, wakaliweka kivulini, wakatandaza wavu dhidi ya mdiria na paka. Hakuna fahari ya macho hapo, lakini kwa samaki mmoja au wawili wakubwa ni makazi mazuri kuliko vioo vingi vya sebuleni.

Mnunuzi akipiga simu, usianze na bei. Muulize lita. Mwenye kufuga kwa dhati anazijua, au atapima urefu, upana na kina akupigie tena. Anayejibu “ni tangi kubwa tu” muombe picha. Kwa samaki wa shubiri, lita 200 za ndani ya nyumba naziona ndizo za chini kabisa, na bwawa ni bora zaidi. Kisha muulize kuhusu umeme. Hili watu wengi hulisahau, na nchini kwetu ndilo linaloua: umeme ukikatika pampu inasimama, oksijeni inapungua, bakteria wa kwenye filta wanaanza kufa, na samaki mkubwa ndiye wa kwanza kutwetea kwa sababu anahitaji hewa nyingi. Mwenye kapampu ka hewa ka betri ameshafikiria jambo hilo. Muulize pia anafuga nini kingine. Wafugaji wa oska na kambare wakubwa huwalisha samaki wao kwa samaki wa bure, na ndiyo sababu nashauri uweke bei, hata kama ni ndogo. Bei hiyo haitakurudishia gharama za chakula. Kazi yake ni kumkatisha tamaa anayetafuta kitoweo cha oska.

Mwenye koi atakuambia atamweka samaki wako kwenye karo la peke yake wiki tatu au nne kabla ya kumchanganya. Usione kwamba anakudharau. Virusi na minyoo ya matamvua huingia bwawani kwa njia hii, na anayechukua tahadhari hiyo ndiye wa kumpa.

Siku ya kumhamisha, mwache bila chakula tangu jana yake ili asichafue maji njiani. Usimvue kwa wavu wa kukwaruza. Mwongoze aingie kwenye beseni ndani ya maji, ute unaofunika magamba yake usibanduke. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko uliotobolewa, maji yakiwa nusu, inamfaa kwa safari fupi. Iweke gizani na mbali na jua, kwani samaki kwenye giza hutulia. Kwa safari ya saa nyingi mpelekee muuza samaki amfungie kwenye mfuko mzito uliojazwa oksijeni. Mkifika, msimmwage. Mfuko uelee juu ya maji mapya karibu nusu saa, kisha mwongezee maji hayo kikombe kwa kikombe, naye atoke bila yale maji ya safari. Kama bwawa limejazwa maji ya bomba siku hiyo hiyo, klorini itamuunguza matamvua. Yalipaswa kukaa wazi au kutiwa dawa ya kuiondoa mapema.

Paris wana mahali pa kuwapeleka samaki wa namna hii. Aquarium de Paris, karibu na Trocadéro, inawapokea samaki wa dhahabu wanaoletwa na watu walioshindwa kuwafuga, inawatenga na kuwatibu, kisha inawahamishia kwenye tangi kubwa ambalo wageni huwatazama. Natamani hoteli zetu zenye mabwawa zitangaze wazi kwamba zinapokea. Gharama yake ni ndogo, na wangeokolewa wengi, pamoja na mito.

Na samaki akiwa mgonjwa wa kutopona, asipewe mtu wala mto. Mganga wa mifugo anaweza kumlaza usingizi wa mwisho kwa mafuta ya karafuu, hiyo hiyo ya Pemba na Unguja, ambayo yujinoli yake hutumika kuwalevya samaki. Asitupwe chooni akiwa hai.

Mtoto wa nyumbani naye aende kumsindikiza, aone bwawa, amwambie mwenyeji samaki anapenda nini. Samaki akikataa kula siku mbili tatu za mwanzo, msimlazimishe. Chakula kilichobaki kitolewe, maji yaangaliwe, na mwenyeji mpya awe na namba yako ya simu.