Ana kitabu cha tatu, cha kwanza hakipo

Likizo imeanza. Mtoto amepanda basi kutoka Same kurudi nyumbani milimani, Gonja, na begani ana kitabu alichoazimwa na mwenzake. Jalada lina namba 3. Namba 1 na 2 hazipatikani karibu. Asome au asubiri?

Wazazi wengi husema asome tu, kitabu ni kitabu. Lakini mtoto anayepotea kurasa za mwanzo huweka kitabu chini, na huenda asiguse kingine mpaka shule zifunguliwe.

Itategemea ni kitabu gani. Harry Potter ni vitabu 7, vilivyotoka 1997 hadi 2007, na ni safari moja. Akianzia cha tatu, siri za viwili vya mwanzo zitakuwa zimefichuka. Hicho akiweke, atafutiwe kingine.

Vitabu 7 vya Narnia, vya C. S. Lewis, havina ukali huo. Kilichotangulia kutoka, mwaka 1950, kinawaingiza watoto Narnia kupitia kabati la nguo. Kile cha kuumbwa kwa nchi hiyo kilitoka 1955, ila matoleo ya siku hizi hukipa namba 1. Ni vyema kuanza na kabati, msomaji ashangae pamoja na watoto wale. Namba 3 ya sasa, kisa cha mvulana na farasi, inajitegemea.

Kusadikika na Kufikirika vya Shaaban Robert navyo ni nchi mbili za kubuni. Aanze na chochote.

Mzazi asiishie kwenye namba ya jalada. Afungue ndani, atazame mwaka wa kuchapwa, kisha amuulize mwanawe baada ya sura ya kwanza: unaelewa?