Okidi ya Nyumbani: Majani Yapo, Mbona Haichanui?

Miongoni mwa zawadi ambazo jamaa waishio Dar es Salaam huwaletea wazee wao wa Kibiti na vijiji vya delta ya Rufiji ni okidi ndani ya chungu. Hufika ikiwa imechanua. Maua yakishapukutika, wengine hudhani mmea umekufa, wakautupa. Kutupa kilicho hai ni israfu, nasi tumeona ni vyema kuwaeleza ndugu wasomaji namna ya kuutunza.

Okidi inayouzwa zaidi duniani kwa ajili ya majumbani ni Phalaenopsis. Asili yake ni misitu ya Asia, ambako hushika magome ya miti bila kugusa udongo. Mizizi yake hunywa mvua, kisha hukaushwa na upepo. Katika udongo wa mfinyanzi huoza. Ipandwe katika vipande vya makumbi ya nazi vilivyochanganywa na mkaa, ndani ya chombo chenye matundu. Tahadhari: makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yamejaa chumvi. Yachukuliwe makavu ya shambani, nayo yalowekwe na kusuuzwa mara kadhaa.

Hapo ndipo penye mtihani kwa watu wa delta. Visima vilivyo karibu na mikoko aghalabu huwa na maji ya chumvi, ambayo huunguza mizizi ya okidi, na maji matamu hupatikana kwa taabu. Si haki ua lishindane na kinywa cha mtoto. Yakingwe maji ya mvua kutoka paani, yahifadhiwe katika dumu lenye kifuniko. Mizizi ikiwa ya kijani, mmea haujapata kiu. Ikigeuka rangi ya fedha, unyweshwe asubuhi, bila kuacha maji yatuame katikati ya majani.

Majani yakiwa ya kijani kizito mno, mwanga hautoshi. Yakibabuka, jua limezidi. Mahali pake ni barazani chini ya paa, au dirisha la mashariki. Mbolea iwe nyepesi, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Sasa tujibu swali la kichwa cha habari. Joto likidumu juu ya nyuzi 28, Phalaenopsis hutoa majani tu. Bua la maua huhitaji majuma kadhaa ya ubaridi, hasa wa usiku. Huku kwetu fursa hiyo huja na kipupwe, Juni hadi Agosti. Katika miezi hiyo chungu kiwekwe panapopita upepo wa usiku. Bua la zamani, likiwa bado kijani, likatwe juu ya kifundo cha pili au cha tatu. Huenda likachipua tena.

Anayeona kazi hiyo ni nzito akumbuke kwamba Afrika ina okidi yake iliyozoea joto: Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi, ambayo huota juu ya miti. Lakini isibanduliwe msituni. Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na hii imekwisha kupungua kwa sababu ya kuchumwa na kuuzwa. Ikiwa imeota juu ya mwembe wa nyumbani, iachwe papo hapo: mti umeibeba, mvua inainywesha, na watoto watapata la kutazama.