Huzuni Ndani ya Kicheko: Mfano wa Filamu Bubu

Aghalabu wahakiki huitenganisha tanzia na futuhi kana kwamba kicheko na machozi haviwezi kukaa nyumba moja. Mtazamo huo hautoshi tunapozichunguza filamu bubu za kuchekesha zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika filamu hizo huzuni haingoji kicheko kiishe ndipo ije, bali huzaliwa pamoja nacho.

Chombo cha msanii wa filamu bubu ni mwili. Maandishi machache huonyeshwa kati ya picha, lakini uzito wa hisia hubebwa na uso, mikono, mwendo na utulivu. Wala si lazima uso wenyewe uhuzunike. Buster Keaton alisifika kwa uso usiocheka wala kulia. Katika The General (1926) yeye ni dereva wa garimoshi aliyekataliwa na mpenzi wake kwa kudhaniwa kuwa amekwepa kujiandikisha jeshini. Anaketi kwa unyonge juu ya chuma kirefu kinachounganisha magurudumu ya injini. Injini inaondoka, chuma kinampandisha na kumshusha, naye hana habari. Twacheka kwa kuwa hajui litendekalo. Papo hapo twatambua kwamba hajui kwa sababu majonzi yamemzidi. Tendo ni moja, hisia ni mbili.

Charlie Chaplin aliufikisha mbali zaidi msingi huo katika City Lights (1931). Filamu zenye mazungumzo zilikuwa zimekwisha kuenea baada ya mwaka 1927, lakini yeye alitia muziki alioutunga mwenyewe na kukataa kuwapa wahusika wake maneno ya kutamka. Mkata mmoja anakutana na msichana kipofu auzaye maua. Msichana, kwa kusikia mlango wa motokaa ukifungwa, anamdhania kuwa tajiri. Mkata anaketi kando, kimya, akimtazama kwa mapenzi; msichana anasuuza chombo chake na kummwagia maji usoni, asijue kuwa yupo. Maji hayo yanachekesha. Lakini yanatuambia pia kwamba mkata hana mahali katika mawazo ya msichana. Aliyemo humo ni tajiri asiyekuwapo.

Baadaye mkata anafungwa kwa tuhuma ya kuiba fedha ambazo kwa kweli alipewa, naye akampa msichana akatibiwe macho. Anapotoka gerezani amechakaa kabisa. Msichana sasa anaona, na ana duka la maua. Kupitia kioo anamtazama mkata akichokozwa na vijana wauza magazeti, naye anacheka. Hapa ndipo penye kiini cha filamu: kicheko chake ni kile kile tulichokicheka sisi tangu mwanzo. Kisha anamshika mkono ili ampe sarafu, na vidole vyake vinamtambua mtu ambaye macho hayakumtambua. Kicheko kinakoma, chake na chetu, na hatuambiwi kama atampokea.

Ni dhahiri basi kwamba huzuni hii inatokana na kinaya, yaani tofauti kati ya yale ayajuayo mhusika na yale ijuayo hadhira. Tofauti hiyo ndiyo inayotuchekesha, na ndiyo inayotushtaki kwa kucheka.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaokusanya fasihi simulizi. Mtambaji naye husema kwa uso, kwa mikono na kwa kunyamaza. Tunapoziandika ngano za kuchekesha kwa maneno peke yake, bila kutaja ni wapi mtambaji alinyamaza au aliinamisha kichwa, huenda tukazihukumu kuwa mizaha mitupu. Kumbe nusu ya maana yake, tena nusu iliyo nzito, imebaki pale uwanjani ilikotambwa.