Bima ya safari baada ya saratani: bei ifuate hali ya mgonjwa

Anayeomba viza ya Schengen ili aingie Ulaya hudaiwa bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Sharti hilo halibagui kati ya mtumishi wa wizara aliyeko mji wa serikali wa Mtumba, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma na mfanyabiashara wa alizeti wa Singida. Kwa mwenye afya njema shughuli huisha mara moja: wakala huuliza umri na siku za safari, fedha hulipwa, cheti hutoka. Aliyewahi kuambiwa ana saratani ana mtihani zaidi, kwa sababu cheti kinachomridhisha ofisa wa ubalozi huenda kisimfae kitu akilazwa Brussels. Ubalozi hutazama kiwango cha kinga, muda na nchi zinazohusika. Hospitali itataka kujua kama ugonjwa uliomleta umo ndani ya mkataba au umetolewa. Bima nyingi za bei ya chini huondoa hali ya kiafya iliyokuwepo kabla ya mkataba, na kifungu hicho hukaa kwenye ukurasa ambao wengi huusoma wakiwa tayari kitandani. Nadhani chanzo kikubwa cha tatizo hili ni kwamba kampuni hupima jina la ugonjwa zaidi ya kumpima mtu mwenyewe, na kwamba mgonjwa anaweza kulipunguza kabla hata sheria haijabadilika.

Bima ya safari hailipii matibabu ya saratani yenyewe. Hulipia dharura inayozuka ndani ya siku chache za safari, pamoja na gharama ya kumrudisha mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo kampuni ina swali moja tu la haki: ndani ya siku hizo, mtu huyu ana uwezekano gani wa kulazwa? Sayansi inaweza kulijibu kwa undani kuliko fomu nyingi zinavyouliza. Aliye katikati ya tibakemikali huwa na chembe nyeupe za damu chache zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na homa ambayo kwa mwingine ni ya kunywea dawa na kulala, kwake ni ya kukimbizwa hospitalini. Saratani huongeza pia hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa, na kukaa ndegeni kwa saa nyingi huizidisha. Lakini hatari hiyo haiko sawa kwa wote. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2008 na Alok Khorana na wenzake, kwa ajili ya wagonjwa wanaoanza tibakemikali, huipa saratani ya kongosho na ya tumbo alama za juu kabisa, wakati saratani ya matiti haiongezewi alama hata moja. Muda nao una uzito wake. Saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ikirudi hurudi mara nyingi ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo, ilhali zile za matiti zinazochochewa na homoni zinaweza kurudi hata baada ya miaka 10. Mwanamke aliyemaliza mionzi miaka 6 iliyopita na ambaye vipimo vyake ni safi hafanani kwa lolote na mgonjwa wa kongosho anayesubiri dozi ya pili. Fomu yenye kisanduku kimoja cha ndiyo au hapana huwatoza kana kwamba ni mtu mmoja.

Mtu wa bima atajibu, na jibu lake lina mantiki, kwamba biashara yake haiendeshwi kwa huruma. Wenye hatari kubwa ndio wanaokimbilia kununua kinga. Kampuni ikiweka bei ya wastani, wazima watakimbia na wagonjwa watabaki, hadi mfuko ukauke. Mwanauchumi George Akerlof aliieleza hali hiyo mwaka 1970 kwa mfano wa soko la magari yaliyotumika, na hajapingwa kirahisi. Hata hivyo, hoja hiyo inadai kampuni ijue zaidi kuhusu mteja. Haiipi ruhusa ya kujua kidogo na kutoza kingi. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2022, ilipunguza hadi miaka 5 baada ya matibabu kipindi ambacho mtu anaweza kuulizwa kuhusu saratani aliyopona. Sheria hiyo inahusu bima za mikopo, si za safari, lakini msingi wake wa kitakwimu ni uleule: kwa saratani nyingi hatari hushuka kadiri miaka inavyopita. Uingereza imeenda njia nyingine. Tangu Aprili 2021, kampuni inayomkatalia mteja bima ya safari kwa sababu ya ugonjwa, au inayomwongezea bei kupita kiwango kilichowekwa, hulazimika kumwelekeza kwenye orodha ya kampuni zilizobobea katika wateja wa aina hiyo. Hailazimishwi kupunguza bei, ila hairuhusiwi kumwacha mtu mlangoni bila kumwonyesha njia.

Yapo pia mazingira ambamo hoja ya Akerlof hupungua nguvu, nayo ni pale wanunuzi wasipojichagua. Tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar analazimika kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa muda usiozidi siku 92, na kwa kuwa kununua ni lazima, wazima hawawezi kukwepa na kuacha wagonjwa peke yao. Mantiki hiyohiyo inaweza kutumiwa na mwajiri. Dodoma imejaa taasisi zinazosafirisha watu kila mwezi. Bima ya kikundi ya mwaka mzima inayokatwa na taasisi kwa wasafiri wake wote hutawanya hatari ya mmoja kwa mamia, na aliyetibiwa saratani huingia humo kwa unafuu ambao hataupata akienda dukani peke yake. Vikundi vya mahujaji navyo vingeweza kuulizia bima ya kikundi kabla ya kulipa.

Wapo wanaoshauri kunyamaza: jaza "hapana", beba cheti, omba Mungu. Ushauri huu ndio ghali kuliko yote. Tangu hukumu ya Uingereza ya mwaka 1766 kati ya Carter na Boehm, sheria ya bima imejengwa juu ya mteja kusema anachokijua, na mahakama zetu zimerithi msingi huo. Dai likifika, kampuni huomba faili la hospitali, na faili husema. Mkataba unaweza kufutwa wote, hata kama kilichotokea ni mguu uliovunjika kwenye theluji.

Kinachofaa zaidi ni barua ya daktari: aina ya saratani na hatua yake, matibabu na tarehe yalipoisha, vipimo vya mwisho, dawa za sasa, na kauli kwamba safari haina kizuizi cha kitabibu. Hapa mkazi wa nyanda za kati ana kazi ya ziada. Aghalabu ugonjwa wake uligunduliwa Dodoma, labda Hospitali ya Benjamin Mkapa, kisha akaenda kupata mionzi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hivyo kumbukumbu zake ziko sehemu mbili. Treni ya mwendo kasi iliyoanza mwaka 2024 imefupisha njia, lakini ni nafuu zaidi kuomba muhtasari wa matibabu siku ya kuruhusiwa kuliko kuufuata wiki ya safari.

Bei hushuka pia kwa kuchagua. Kinga inayojumuisha Marekani na Kanada huwa ghali kuliko ya dunia nzima bila nchi hizo. Kusafiri miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho humfanya mtu kuwa mteja mwingine kabisa. Kwa safari fupi ya Nairobi, aliyepona zamani anaweza kukubali kwa macho wazi bima isiyogusa saratani, maana malaria na ajali bado zimo. Ila ahakikishe kizuizi kinataja ugonjwa wenyewe tu, kwani maneno "au chochote kinachohusiana nao" yanaweza kumeza hata bonge la damu. Anayekwenda India kutibiwa asitegemee bima ya safari hata kidogo, kwa sababu matibabu yaliyopangwa huondolewa kwenye mikataba hiyo.

Itasemwa kwamba wanaopanda ndege ni wachache, na kwamba nchi yenye wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka, kwa makadirio ya kimataifa, ina madeni makubwa zaidi. Ni kweli, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ndiyo inayostahili kutangulia. Lakini jambo hili halihitaji bajeti. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, ingeweza kuzitaka kampuni ziandike sababu ya kila ongezeko la bei au kukataliwa kwa mteja, ili Msuluhishi wa Migogoro ya Bima awe na kitu cha kupima. Kwa sasa mteja anaweza kuiomba sababu hiyo mwenyewe, kwa maandishi, kabla ya kulipa.