Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wazazi na watoto wetu, methali hii mnaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tuliohamia Marekani, siku zetu mbili zimekwisha zamani. Jembe letu liko wapi?

Mojawapo liko kwenye klabu za kujitolea. Lions Clubs, kwa mfano, zilianzishwa Chicago mwaka 1917 na mfanyabiashara Melvin Jones. Mwaka 1925 Helen Keller, ambaye alikuwa haoni wala hasikii, aliwaomba wanachama wawasaidie wasioona. Tangu hapo macho yamekuwa kazi yao kubwa. Hukusanya miwani zilizokwisha kutumika. Miwani hizo husafishwa, hupimwa nguvu ya vioo, hupangwa, kisha hupewa watu wasioweza kununua.

Hapo kila mtu nyumbani ana kazi. Mdogo afute vumbi na kuhesabu, bibi atenge zilizovunjika, baba abebe maboksi. Vijana kuanzia miaka 12 wana klabu zao, ziitwazo Leo. Kwa Kilatini neno hilo ni simba. Kwetu linatukumbusha kwamba si kesho!

Faida ya kwanza ni lugha. Mtoto anayeambiwa, “Hesabu hizi, zile nyeusi weka pembeni, nipe kitambaa,” hujifunza Kiswahili kwa mikono, na halisahau neno alilolifanyia kazi.

Ya pili ni heshima. Wengi wetu tulipofika tulipokea makoti ya baridi, vyakula, hata vitanda. Si aibu. Lakini mtoto aliyemwona mama yake akipokea tu anaweza kudhani sisi ni watu wa kupokea. Amwone pia akitoa. Tena jambo hili si geni kwetu: Kenya kuna harambee, Kongo kuna salongo, na Rwanda umuganda hufanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi.

Kabla ya kujiunga, nendeni mkutanoni kama wageni. Ulizeni ada ni kiasi gani, kama watu wa nyumba moja hupunguziwa, na kazi zipi watoto wanaruhusiwa kufanya. Kisha chagueni moja mtakayoiweza, hata kama ni saa mbili tu kwa mwezi.

Na wiki hii, watoto, fungueni droo za nyumbani. Miwani isiyovaliwa na mtu, muombeni mwenyewe ruhusa, kisha ulizeni maktaba ya mtaani kwenu sanduku la Lions liko wapi. Mkono mtupu haulambwi.